Alfred Büchi: Mswisi aliyeupa moshi kazi

Kwenye foleni ya malori Malaba, Rusumo au Tunduma hakuna anayelitaja jina la Alfred Büchi, lakini kazi yake imefungwa kwenye karibu kila kichwa cha lori kilichosimama pale. Ni kile kidude cha chuma chenye umbo la konokono kilichobanwa ubavuni mwa injini, kinachopiga filimbi lori linapopanda mlima na mzigo. Mafundi wengi wanakiita tabo, na kwenye maduka ya vipuri huandikwa turbo. Kikifa njiani, nyanya zinaoza, samaki wanaharibika na mwenye mzigo anaanza kupiga simu kila nusu saa. Mtu aliyekibuni alihangaika nacho miaka 20 kabla hakijakubali kufanya kazi, na mengi yaliyomtesa ndiyo yaleyale yanayowatesa madereva hadi leo.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 mjini Winterthur, mji wa viwanda kaskazini mwa Uswisi. Baba yake, Johann, alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Sulzer, kampuni ya mitambo iliyoajiri sehemu kubwa ya mji. Mwaka huohuo kijana mmoja aitwaye Rudolf Diesel alipita kwenye karakana za Sulzer kujifunza kazi kwa vitendo. Injini ambayo baadaye ingebeba jina lake ilikuwa bado haijabuniwa. Kwa hiyo Büchi alikulia mahali ambapo mazungumzo ya mezani yalikuwa ya boila, pistoni na mvuke, na haikushangaza kwamba mwaka 1899 alijiunga na chuo kikuu cha ufundi cha Zürich kusomea uhandisi wa mitambo. Alimaliza mwaka 1903, akaenda kufanya kazi Ubelgiji, katika karakana za Carels mjini Ghent, kisha Uingereza.

Kilichomkera kijana huyo ni hasara. Injini inapochoma mafuta, ni sehemu ndogo tu ya nguvu inayofika kwenye magurudumu au kwenye rafadha ya meli. Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hutoka na moshi, ukiwa bado wa moto na wenye msukumo. Mfanyabiashara ataelewa haraka: ni sawa na kununua magunia matatu ya mahindi na kumwaga moja barabarani kila safari, kisha kuendelea hivyo kwa sababu kila mtu anafanya hivyo.

Wahandisi wengine walikuwa na kero ya pili. Walijua kwamba injini hutoa nguvu kulingana na hewa inayovuta. Mafuta bila hewa ya kutosha hayaungui yote. Yanageuka moshi mweusi. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alikuwa ameshapata hataza mwaka 1885, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa ajili ya pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini. Lakini pampu ya namna ile iliendeshwa na injini yenyewe, hivyo sehemu ya nguvu iliyopatikana ililipwa tena kwenye kuizungusha pampu.

Büchi aliziunganisha kero hizo mbili zikawa jibu moja. Moshi unaotupwa uzungushe feni, na feni hiyo iendeshe kompresa ya kusukuma hewa ndani ya injini. Tarehe 16 Novemba 1905, akiwa na miaka 26, alipata hataza ya Ujerumani kwa wazo hilo. Siku hiyo ndiyo vitabu vingi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa turbo.

Vitabu vinamsifu mno kwa siku hiyo. Mtambo ulioelezwa mwaka 1905 ulikuwa na kompresa, injini ya pistoni na turbini, vyote vitatu vimefungwa kwenye shafti moja. Kwenye karatasi ulipendeza. Kwa chuma cha wakati ule na kompresa za wakati ule, usingelitoa lori hata kwenye yadi.

Mwaka 1909 Büchi alirudi nyumbani na kuajiriwa Sulzer, kwenye utafiti wa injini za dizeli, na kuanzia mwaka 1911 kampuni ilimpa nafasi ya kujaribu. Majaribio yalikuwa ya kuvunja moyo. Feni ya upande wa moshi hukaa kwenye joto linaloweza kukifanya chuma kiwe chekundu, huku beringi za shafti ileile, sentimita chache tu kutoka hapo, zikihitaji oili iliyo safi na isiyoungua. Chuma cha kuvumilia joto hilo kilikuwa adimu. Kompresa za siku hizo nazo zilipoteza nguvu nyingi, kiasi kwamba kilichopatikana kutoka kwenye moshi kiliishia kuzungusha mtambo wenyewe.

Vita Kuu ya kwanza ilimletea sababu nyingine ya kuendelea. Ndege zilikuwa zikipanda juu ambako hewa ni nyepesi, na injini zao zilikuwa zikichoka. Mwaka 1915 kulikuwa na injini ya majaribio iliyolenga kuziba pengo hilo, lakini haikutegemeka na haikuingia kiwandani. Wengine walikuwa wakihangaika na jambo lilelile. Auguste Rateau alifanya hivyo Ufaransa, na mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege hadi kwenye kilele cha Pikes Peak huko Colorado, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, kuonyesha kwamba ikiwa na turbo haiishiwi pumzi.

Jambo hilo la mwinuko linawahusu sana wanaosafirisha mizigo katika eneo hili. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda. Lori linalotoka bandarini Mombasa linaanzia usawa wa bahari, linafika Nairobi likiwa karibu mita 1,700, na kwenye miinuko ya Timboroa linavuka mita 2,500 kabla ya kushuka kuelekea mpaka wa Uganda. Lori la zamani lisilo na turbo, lililopakiwa kwa kipimo cha pwani, hutambaa pale kama kobe na kutoa moshi mweusi. Lenye turbo nzima hupita. Lenye turbo inayovuja hufanana na la zamani, na hapo ndipo dereva mzoefu hugundua tatizo ambalo kwenye tambarare lilijificha.

Turudi Winterthur. Baada ya vita Büchi alikuwa mtu wa makamo mwenye wazo la zamani lisilozaa. Kilichomwokoa ni kuacha kuitazama turbo peke yake na kuanza kutazama vitu vinavyoizunguka: mabomba, valvu, na mpangilio wa silinda zinavyopeana zamu.

Silinda ya injini haitoi moshi kama mto unaotiririka. Inautoa kwa pigo, mara valvu inapofunguka, kama mtu anayepuliza mshumaa. Kwenye mipango ya awali mapigo hayo yote yaliingizwa kwenye bomba moja kubwa, yakachanganyika na kupoa. Baya zaidi, pigo la silinda moja lilirudi nyuma na kuizuia silinda ya jirani kutoa moshi wake. Büchi akatenganisha. Silinda ambazo zamu zao haziingiliani zikapewa bomba lao, jembamba na fupi, hadi kwenye turbini; na nyingine zikapewa lao. Kila pigo likafika likiwa na nguvu yake. Halafu akapanga valvu ya hewa ifunguke kabla ya ile ya moshi kufunga kabisa, ili hewa safi ipite ndani, ifagie mabaki ya moshi na kuipoza silinda. Hilo la mwisho lilipunguza joto, adui wake wa miaka 15.

Mwaka 1925 aliliombea hataza wazo hili, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Hii ndiyo iliyobadilisha dunia ya injini, na inastahili kukumbukwa kuliko ile ya 1905. Fundi yeyote aliyewahi kufungua injini ya lori ya silinda sita ameiona kazi ya mikono ya Büchi bila kujua: moshi wa silinda tatu za mbele unakuja kwa njia yake, wa tatu za nyuma kwa njia yake, na turbo ina midomo miwili ya kuupokea. Anayefunga gasketi isiyofuata midomo hiyo, au anayeacha ufa kwenye ukuta unaoitenganisha, anairudisha injini nyuma ya mwaka 1925.

Ushahidi ulitoka baharini, na wafanyabiashara wa mipakani watakielewa kisa chake kuliko wengi. Baada ya vita Ujerumani ilikuwa imegawanyika vipande viwili: jimbo la Prussia Mashariki lilibaki upande wa pili wa ardhi iliyopewa Poland. Aliyetaka kwenda huko kwa treni alipaswa kukatisha nchi nyingine, na taratibu zake za mpakani. Serikali ya Ujerumani ikaanzisha huduma ya meli kupitia Bahari ya Baltiki ili kuukwepa mpaka huo. Kwa huduma hiyo zikajengwa meli mbili za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, zenye injini za dizeli za silinda 10, nazo zikafungwa turbo chini ya usimamizi wa Büchi. Injini iliyokuwa itoe nguvu za farasi 1,750 ikatoa 2,500. Ukubwa wa injini haukuongezwa. Ongezeko lilikuwa zaidi ya asilimia 40, kutoka kwenye kitu kilichokuwa kikitupwa angani.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Kampuni ya Brown Boveri ya mji wa Baden, iliyokuwa na uzoefu wa kutengeneza turbini, na kiwanda cha treni na mitambo cha Winterthur viliungana naye katika ushirika uliopewa jina lake. Brown Boveri ilitengeneza turbo, kiwanda cha Winterthur kilitoa injini za kujaribia, na Büchi alishughulikia uhandisi na wateja. Kila injini ilihitaji mabomba yaliyopangwa kwa ajili yake na turbo iliyochaguliwa kwa ajili yake. Leseni zikauzwa kwa watengenezaji wa injini za meli, za treni na za mitambo ya umeme. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ikatoa injini ya lori yenye turbo, na mwaka huohuo chuo alichosoma Zürich kikampa udaktari wa heshima.

Miaka hiyo ya kuhangaika inaeleza kwa nini turbo nyingi hufa mapema katika njia za biashara. Mwenye lori huambiwa turbo imekufa, ananunua nyingine, inafungwa usiku, na baada ya wiki mbili nayo imekufa. Analaumiwa aliyeuza. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Turbo ni kama mpangaji kwenye nyumba ya watu wengi: ikiugua, ugonjwa huwa umetoka chumba cha jirani.

Jirani wa kwanza ni oili. Shafti ya turbo ya gari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa sekunde chache, beringi zinakwanguka. Bomba dogo la kuleta oili likiziba kwa masizi ya oili iliyoungua, turbo mpya itakufa kwa ugonjwa wa ile ya zamani. Ndiyo maana fundi makini hubadilisha bomba hilo au kulisafisha kabisa, na hubadilisha oili na chujio lake siku hiyohiyo. Hapaki silikoni kwenye kiungio cha oili, kwa kuwa kipande kikimeguka huingia ndani na kuziba tundu. Bomba la kurudisha oili kwenye karta nalo lazima literemke bila kupinda wala kubanwa. Likiziba, oili hujaa ndani ya turbo, hutokea upande wa hewa na upande wa moshi, na lori hutoa moshi wa bluu. Watu husema turbo inavujisha, kumbe oili imekosa njia ya kushuka. Bomba la kupumulia injini likiziba huleta dalili ileile, na hata ringi za pistoni zilizochoka hutoa moshi wa rangi hiyo.

Moshi mweusi na kukosa nguvu ni habari nyingine. Hapo hewa haifiki. Kabla ya kuigusa turbo, hukaguliwa chujio la hewa, kisha mipira yote inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye radieta ya kupoza hewa na kuingia kwenye injini. Mpira uliopasuka kwa chini, au klampu iliyolegea, hauonekani lori likiwa limezimwa. Mlio wa kupumua lori linapovuta ndio huusaliti. Ukarabati wake unaweza kuwa wa bei ya klampu moja, na kuna watu waliolipia turbo nzima kwa sababu hiyo.

Shafti inapokaguliwa, kucheza kidogo kwa ubavu si kosa, maana nafasi hiyo ndiyo ya oili, mradi mapanga ya feni hayagusi ukuta. Ikicheza kwa kwenda mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa wazi kwa vidole, imekwisha. Mapanga ya upande wa hewa yakiwa yamelika au yamepinda, vumbi au kitu kigumu kimepita, na vipande vyake huwa vimebaki kwenye radieta ya hewa. Visipotolewa, vitaishia ndani ya injini.

Wakati wa kufunga, oili safi humiminwa kwenye tundu la turbo na feni ikazungushwa kwa mkono. Injini husukumwa kwa stata bila kuwaka hadi oili ifike, kisha huachwa ingurume taratibu dakika chache. Nidhamu hiyo hiyo inamhusu dereva aliyemaliza mlima: akizima injini ghafla ikiwa na moto mkali, oili husimama ndani ya turbo na kuungua ikawa masizi. Dakika mbili au tatu za kungurumisha bila kukanyaga mafuta zinatosha.

Na kwa anayeagiza kipuri kutoka ng'ambo ya mpaka, kutaja aina ya lori pekee hakutoshi. Lori la aina moja linaweza kuwa limetoka kiwandani na turbo tofauti kulingana na injini na mwaka. Kwenye mwili wa turbo kuna kibati chenye namba. Namba hiyo ndiyo ya kupiga picha na kumtumia anayenunua. Turbo kubwa kuliko injini huchelewa kuamka, na ndogo huzungushwa kupita uwezo wake. Büchi asingeshangaa. Ushirika wake uliishi kwa kazi hiyohiyo, ya kuoanisha turbo na injini moja moja.

Alikufa Winterthur, mji uleule aliozaliwa, tarehe 27 Oktoba 1959, akiwa na miaka 80. Alikuwa ameziona turbo kwenye meli, kwenye treni, kwenye ndege za kivita za Marekani na kwenye malori. Gari dogo la familia lenye turbo hakuliona likiuzwa. Hilo lilikuja mwaka 1962, General Motors ya Marekani ilipotoa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair zenye turbo. Jetfire ilihitaji kujazwa kimiminika maalumu cha maji na methanoli ili petroli isilipuke kabla ya wakati, na wenye magari wengi walisahau kukijaza. Nguvu zikapungua, malalamiko yakawa mengi, na magari kadhaa yakang'olewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Turbo ilipata makao ya kudumu kwenye dizeli, ambayo hewa nyingi haiisumbui, na mwaka 1978 Mercedes-Benz ikaanza kuuza Marekani gari lake la 300 SD, la dizeli na lenye turbo.